Simu ya mradi: ibadilishwe baada ya muda gani?

Katika maombi ya fedha yanayoletwa na kamati za parokia siku hizi, mstari wa simu umekuwa wa kawaida kama mstari wa nauli. Wahudumu wa afya wa jamii wanajaza fomu zao kwenye simu. Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa anapokea michango kwenye simu. Katekista wa kigango cha mbali anatuma picha za kisima kilichokarabatiwa kwa simu. Kwa hiyo hakuna tena haja ya kuuliza kama mradi unahitaji simu janja. Swali lililobaki, ambalo huleta mabishano makubwa kuliko fedha zinazohusika, ni hili: simu ikishanunuliwa, ikae muda gani kabla ya kununua nyingine?

Jibu linaloonekana katika bajeti nyingi ni miaka miwili. Huandikwa tu hivyo, bila maelezo, kana kwamba simu ina tarehe ya kuharibika kama dawa. Maoni yetu ni kwamba muda huo ni mfupi mno kwa simu nyingi, na kwa simu chache ni mrefu mno. Umri peke yake hauwezi kuiambia kamati lolote la maana. Kinachotakiwa ni kujua simu inashindwa kazi kwa sababu gani, na kama sababu hiyo inatibika.

Miaka miwili ilitoka wapi

Mazoea hayo hayakuanzia Afrika Mashariki. Katika nchi za Ulaya na Marekani, kwa muda mrefu mteja alipewa simu na kampuni ya mtandao kwa bei ndogo, naye akafunga mkataba wa kulipa kila mwezi, mara nyingi kwa miezi 24. Mkataba ulipokwisha alipewa simu nyingine na mkataba mwingine. Maana yake miaka miwili ulikuwa umri wa mkataba, haukuwa umri wa simu. Makampuni makubwa ya Marekani yaliuacha mtindo huo kati ya mwaka 2013 na 2016, lakini watu walikuwa wamekwisha kuzoea. Huku kwetu wengi walinunua simu kwa fedha taslimu na kuitumia mpaka ilipokataa kabisa. Inaelekea miaka miwili iliingia katika bajeti zetu pamoja na fomu za wafadhili.

Mikopo ya simu nayo imefika. Mwaka 2020 Safaricom ya Kenya ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alilipa kiasi cha kuanzia na kisha shilingi 20 za Kenya kwa siku. Kwa mtu binafsi mpango wa namna hiyo unaweza kumfaa. Kwa parokia hatuushauri: simu ya mkopo hujifunga malipo yakikatika, na mkopo huandikwa kwa jina la mtu mmoja, ambaye anaweza kuhama au kuacha kamati.

Hata hivyo kuna sababu ya pili inayofanya watu waone kwamba simu huchoka baada ya miaka miwili, na hii ina ukweli ndani yake. Sababu hiyo ni betri.

Betri huchoka kabla ya simu

Betri za simu janja ni za lithiamu, na kila betri ya aina hiyo hupungua uwezo kadiri inavyochajiwa. Wataalamu huhesabu kwa mizunguko. Mzunguko mmoja ni matumizi ya chaji yote, asilimia 100, hata kama hayakufanyika kwa siku moja: ukitumia nusu leo na nusu kesho, umemaliza mzunguko mmoja. Apple inasema kwamba betri za iPhone 14 na za zamani zaidi zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023 baada ya mizunguko 1,000. Umoja wa Ulaya, kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025, unataka simu janja zinazouzwa huko ziwe na betri inayobaki na asilimia 80 baada ya mizunguko isiyopungua 800.

Sasa tupige hesabu. Mhudumu anayemaliza chaji kila siku hufikisha mizunguko 500 katika mwaka mmoja na nusu hivi. Akifika mwaka wa pili, simu iliyokuwa ikikaa toka asubuhi hadi usiku inazimika saa tisa alasiri akiwa bado njiani. Anaileta kwa kamati na kusema, "Simu imezeeka." Kamati inakubali na kuandika bajeti. Kumbe kilichozeeka ni kipande kimoja ambacho fundi anaweza kukibadilisha, mara nyingi kwa sehemu ndogo tu ya bei ya simu.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitokea Marekani. Mwezi Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa imeweka katika programu zake utaratibu wa kupunguza kasi ya baadhi ya iPhone ambazo betri zake zilikuwa zimechoka, ili zisizimike ghafla. Wenye simu hizo walikuwa wakidhani simu zao zimepitwa na wakati. Baada ya malalamiko, kampuni ilipunguza bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29 kwa mwaka 2018. Watu walibadilisha betri, simu zikarudia kasi yake, na mwezi Januari 2019 mkuu wa kampuni hiyo, Tim Cook, alipowaeleza wanahisa kwa nini mauzo yalikuwa chini ya matarajio, alizitaja betri hizo za bei nafuu kuwa mojawapo ya sababu. Yaani watu walipopata betri mpya, baadhi yao hawakuona tena haja ya simu mpya.

Simu za iPhone huonyesha katika mipangilio asilimia ya uwezo wa betri uliobaki. Simu nyingi za Android za bei ya chini hazionyeshi, hivyo inabidi kuangalia dalili. Simu inaruka kutoka asilimia 30 hadi kuzimika. Inapata joto ikiwa imelala tu mezani. Mfuniko wa nyuma au kioo kinaanza kuinuka. Dalili hii ya mwisho ina maana kwamba betri imevimba, na simu hiyo isichajiwe tena hata mara moja mpaka fundi aiondoe betri.

Adui mkubwa wa betri katika mazingira yetu ni joto. Simu iliyoachwa juani kwenye kioo cha mbele cha gari, au inayochajiwa mchana kutwa chini ya bati lisilo na dari, inachoka haraka kuliko ile inayokaa kivulini. Chaja feki zinachangia. Vilevile kuiacha simu iishiwe kabisa kila siku ni kuiumiza. Ni afadhali kuichaji ikiwa imebaki asilimia 20 kuliko kungoja izimike. Mambo haya yakifundishwa kwa nusu saa tu siku ya kugawa simu, yanaweza kuongeza mwaka mzima.

Betri ya kubadilisha inunuliwe kwa fundi anayetoa risiti na dhamana, hata kama ni ya mwezi mmoja. Betri feki zimejaa madukani. Zamani mambo yalikuwa rahisi zaidi, kwani mtu alifungua mfuniko kwa ukucha na kuweka betri nyingine mwenyewe. Hata Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa hivyo, na S6 ya mwaka uliofuata ndiyo iliyogundishwa. Umoja wa Ulaya umepanga kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziweze tena kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa sheria imeacha nafasi ya baadhi ya vifaa kusamehewa.

Masasisho, mahali ambapo fundi hawezi kusaidia

Betri, kioo na tundu la chaji vinatengenezeka. Simu iliyojaa picha na video za makundi ya WhatsApp inasafishwa bure, na mara nyingi ile inayosemwa kuwa "nzito" inahitaji usafi huo tu. Kuna jambo moja lisilotengenezeka kwa fundi, nalo ni masasisho ya usalama.

Kila simu janja inaendeshwa na programu kubwa, kama vile Android, na ndani ya programu hiyo hugunduliwa mianya ambayo wezi wanaweza kuitumia. Mtengenezaji anapotuma sasisho, anaziba mianya hiyo. Siku anapoacha kutuma, simu inaendelea kuwaka na kupiga kama kawaida, ila mianya inayogunduliwa baada ya hapo inabaki wazi. Baadaye programu zenyewe zinaanza kuikataa simu. Kuanzia tarehe 24 Oktoba 2023 WhatsApp ilihitaji Android 5.0 au ya baadaye, na kuanzia tarehe 5 Mei 2025 iliacha kufanya kazi kwenye iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Tuangalie lakini kwamba iPhone 6 ilitoka Septemba 2014. Ilihudumiwa na WhatsApp kwa zaidi ya miaka kumi.

Hapa ndipo tofauti kati ya simu na simu ilipo kubwa. Google kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, ziliahidi masasisho kwa miaka saba. Hizo ni simu za bei kubwa. Nyingi za zile tunazozimudu huahidiwa miaka michache tu, na nyingine haziahidiwi chochote. Tena ahadi hizo za miaka saba huhesabiwa tangu aina hiyo ya simu ilipoanza kuuzwa, wala si tangu siku parokia ilipoinunua. Simu inayouzwa kwa punguzo nono mara nyingi ni ya miaka mitatu iliyopita, na miaka mitatu ya ahadi imekwenda nayo. Kwa simu zinazouzwa Ulaya sheria ile ya Juni 2025 imeligeuza jambo hili: masasisho yapatikane kwa miaka isiyopungua mitano tangu siku mtengenezaji alipoacha kuiuza aina hiyo, na vipuri muhimu kwa miaka saba. Sheria hiyo haitufungi sisi, lakini ni vema kumuuliza muuzaji kama simu anayoionyesha ni ileile inayouzwa huko.

Kujua hali ya simu mliyo nayo ni rahisi. Fungueni mipangilio, nendeni sehemu inayohusu simu, mtafute tarehe ya sasisho la usalama la Android. Ikiwa tarehe hiyo ni ya miezi michache iliyopita, simu bado inahudumiwa. Ikiwa ni ya miaka miwili iliyopita, imeachwa.

Simu iliyoachwa si lazima itupwe. Inategemea inabeba nini. Kupiga picha za ujenzi, kuchezesha mafundisho yaliyorekodiwa, kusoma vitabu bila intaneti, yote haya inaweza kufanya kwa miaka. Isichofaa kubeba ni fedha za watu, barua pepe ya ofisi, wala orodha ya wagonjwa wanaotembelewa majumbani. Hiyo orodha inatusumbua kuliko fedha. Fedha zikiibwa watu watachanga tena, lakini jina la mgonjwa likishatoka nje halirudi.

Laini ya kikundi ikae kwenye kitochi

Hapa tuna ushauri ambao utawashangaza wengine. Laini inayotunza fedha za kikundi haihitaji simu janja. Huduma za fedha kwa simu zilianza kwenye simu za kawaida: M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, wakati simu janja zilikuwa hazijafika kwa wananchi, ikaingia Tanzania mwaka 2008. Mpaka leo mtu anabonyeza *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, au *334# kwa ile ya Kenya, kwenye simu yoyote ya batani, na kazi inakwisha. Kitochi hakina programu za kupakua, betri yake hukaa siku kadhaa na hutolewa kwa mkono, na bei yake ni ndogo.

Kwa hiyo kikundi kinachoomba simu janja mpya ili "kulinda fedha" kingefanya vema zaidi kununua kitochi, kuweka laini hiyo humo, kukifungia kwenye sanduku lenye kufuli zaidi ya moja pamoja na daftari, na kuiacha simu janja ifanye kazi nyingine. Tuongeze tu kwamba simu mpya haimzuii yule anayepiga na kujifanya wakala aliyekosea kutuma fedha. Huyo anaiba kwa maneno, na hata kwenye kitochi anaiba.

Hesabu ya kamati

Kamati nyingi hulinganisha bei dukani. Tunapendekeza mlinganishe gharama kwa mwaka: jumlisheni bei ya simu na matengenezo yake, mgawe kwa miaka itakayotumika. Tuchukue mfano wa bei za kubuni, kwa shilingi za Tanzania. Simu ya kwanza ni shilingi 200,000 na inabadilishwa kila baada ya miaka miwili. Hiyo ni shilingi 100,000 kwa mwaka. Simu ya pili ni shilingi 420,000, inakaa miaka mitano, na katikati inabadilishwa betri kwa shilingi 40,000. Jumla 460,000, sawa na 92,000 kwa mwaka. Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Lakini chukueni ile ya kwanza, ya bei ndogo, ibadilishwe betri kwa shilingi 25,000 na ikae miaka minne badala ya miwili. Sasa ni shilingi 225,000 kwa miaka minne, yaani 56,250 kwa mwaka. Akiba kubwa imetoka kwenye kukaa na simu ileile muda mrefu zaidi.

Hatusemi kwamba simu ya bei ndogo ndiyo bora kila mahali. Kwa mhasibu anayekaa ofisini na kushika barua pepe na taarifa za benki, simu yenye ahadi ndefu ya masasisho ina thamani yake. Kwa mhudumu anayepanda bodaboda kila siku na kuvuka mito wakati wa masika, simu ya bei kubwa ni hasara inayosubiri siku yake. Ikiangukia majini mwezi wa sita, ahadi ya miaka saba imekwenda na maji.

Hesabu hiyohiyo inasaidia kuamua juu ya matengenezo. Betri ya shilingi 40,000 itakayoongeza miaka miwili ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Hapo hakuna mjadala. Kioo cha shilingi 120,000 kwenye simu ambayo masasisho yake yataisha baada ya miezi sita, na ambayo inatunza taarifa za watu, ni fedha iliyopotea. Kioo hichohicho kwenye simu yenye miaka mitatu mbele yake kinastahili. Kamati isiulize "matengenezo ni nusu ya bei au siyo?", iulize yatanunua miaka mingapi ya kazi.

Ili hesabu hizi ziwezekane, pawe na daftari la simu. Liandikwe aina ya simu, tarehe ya kununua, bei, nani anaitumia, kila tengenezo na gharama yake, na namba ya utambulisho ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#. Namba hiyo isaidie pia kuepuka simu feki. Wengi mnakumbuka jinsi Kenya ilivyozizima simu feki mwaka 2012, na Tanzania ikafanya hivyo mwezi Juni 2016. Vikundi vilivyonunua bila kuhakikisha vilibaki na simu zisizoita. Tanzania namba hiyo hutumwa kwa ujumbe kwenda 15090 kabla ya kulipa, na jibu huja na jina la mtengenezaji na aina ya simu. Jibu lisipolingana na simu iliyo mkononi, msinunue.

Na badala ya kuandika "simu mpya kila miaka miwili", bajeti iwe na fungu la matengenezo kila mwaka na akiba ndogo kila mwezi kwa ajili ya simu itakayohitajika siku hiyo ikifika. Mfadhili akiona fungu la betri na vioo ataelewa haraka kuliko mnavyofikiri.

Simu ifuate kazi

Kuna jambo ambalo halizungumzwi sana mkutanoni. Simu mpya ikifika, mara nyingi huenda kwa mwenyekiti. Ya mwenyekiti hushuka kwa katibu. Na ya katibu, iliyokwisha choka, humfikia yule mama anayezunguka vijijini kupima uzito wa watoto, ambaye ndiye aliyeandikwa katika ombi la fedha. Baada ya mwaka mmoja linaletwa ombi jingine kwa kuwa "simu za wahudumu ni mbovu". Hapo kamati inabadilisha simu mara nyingi kwa sababu za cheo, na bajeti haioni. Simu inayonunuliwa kwa kazi fulani ibaki kwenye kazi hiyo mpaka ishindwe, na daftari lionyeshe hivyo. Wenyekiti wetu watatuwia radhi.

Hali kadhalika kamera nzuri zaidi si hoja, isipokuwa kazi yenyewe ni ya picha. Fomu za mradi hazijazwi haraka zaidi kwa kamera nzuri.

Madini na taka

Kila simu inayonunuliwa bila haja ina gharama ambayo haimo kwenye risiti, na sehemu ya gharama hiyo inalipwa na jirani zetu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Kobalti ya betri hutoka kwa wingi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani, hasa katika maeneo ya Kolwezi na Lualaba. Koltani, inayotumika katika vipande vidogo vya ndani ya simu, huchimbwa Rubaya katika wilaya ya Masisi, Kivu Kaskazini, mahali ambapo waasi wa M23 walipateka mwezi Aprili 2024. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, anayewatibu wanawake waliobakwa vitani, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo mwaka 2018 aliwataka wasikilizaji wake watafakari gharama ya kibinadamu iliyomo katika vitu wanavyovitumia, simu janja ikiwamo.

Upande wa pili ni taka. Ripoti ya dunia ya taka za kielektroniki iliyotolewa mwaka 2024 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ilikadiria tani milioni 62 za taka hizo kwa mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelewa ipasavyo. Aidha, hewa chafu inayotokana na simu hutokea kwa sehemu kubwa kiwandani, kabla haijawashwa mara ya kwanza. Kuichaji kwa miaka mitano hakufikii kile kilichotumika kuitengeneza. Ndiyo maana mwaka mmoja wa ziada na simu ileile ni msaada mkubwa kuliko kununua simu mpya inayotajwa kuwa rafiki wa mazingira.

Kwa wafadhili wetu

Marafiki wa ng'ambo hutuandikia mara kwa mara kwamba wamekusanya simu zilizotumika na wangependa kuzituma. Tunashukuru kwa moyo huo. Tunaomba hata hivyo mtuandikie kabla ya kufunga maboksi. Simu ambayo imeachwa na masasisho huko, imeachwa na huku pia. Simu iliyofungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza haifunguki hata kwa fundi hodari. Betri za lithiamu zina masharti makali katika usafiri wa ndege, na parokia inayopokea mzigo hutakiwa kulipa gharama za kuutoa bandarini au uwanja wa ndege, fedha ambazo hazikuwa kwenye bajeti yake. Zaidi ya hayo, tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali kwanza. Boksi la simu mbovu, hata likiwa na nia njema, linaweza kuhesabiwa kuwa taka.

Kinachotusaidia zaidi ni fedha za matengenezo. Bei ya kusafirisha boksi moja inaweza kubadilisha betri za wahudumu wengi, na fundi wa mtaa wetu naye anapata kazi. Vilevile tunawaomba wale wanaotutumia fomu za bajeti waondoe sharti la simu mpya mwanzoni mwa kila mradi. Mradi wa miaka mitatu ukiisha na mwingine ukaanza, simu za mwanzo mara nyingi bado ni nzima.

Simu ikifika mwisho

Siku itafika ambapo daftari litaonyesha kwamba simu haisasishwi, kazi yake inahitaji usalama, na hakuna kazi nyepesi ya kuihamishia. Hapo ibadilishwe bila kusitasita, iwe imekaa miaka miwili au saba. Kabla ya kuiondoa, toeni laini na kadi ya memori, hakikisheni taarifa za mradi zimehamishwa, ondoeni akaunti ya barua pepe, kisha mfute kila kitu kupitia mipangilio. Kufuta picha moja moja hakutoshi.

Simu na betri za zamani zisitupwe kwenye shimo la choo wala kuchomwa na takataka nyingine. Wekeni betri iliyovimba kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na nyumba, msiitoboe, na mzikusanye pamoja mpaka apatikane wa kuzipeleka. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za aina hii, na Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve huko Bugesera. Kwa parokia zilizo mbali na vituo kama hivyo, fundi anayenunua simu mbovu kwa ajili ya vipuri ni njia nzuri, mradi simu imefutwa kwanza na daftari limeandikwa tarehe, jina la aliyeipokea na kiasi alicholipa.